Tathmini ya Shahada ya Kwanza ya Biolojia: Tumpime Mhitimu kwa Anachoweza Kufanya

Utangulizi



Tangu Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ianze kazi mwaka 2005, ubora wa programu zetu una msimamizi wa kitaifa. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki nalo limetuwekea utaratibu: idara hujitathmini yenyewe, kisha hukaguliwa na jopo la wataalamu kutoka nje. Utaratibu huo ni mzuri. Kasoro ni kwamba tukijitathmini hukimbilia kuhesabu wahadhiri wenye shahada ya uzamivu, vitabu, nafasi za maabara na ufaulu. Hayo yote ni ya lazima, ila hayatuambii mhitimu wetu anaweza kufanya nini.

1. Mtaala

Nchini Marekani, ripoti ya Vision and Change ya mwaka 2011 ilitaja dhana tano kuu za biolojia: mageuko ya viumbe, uhusiano wa umbo na kazi, taarifa za kijenetiki, mtiririko wa nishati na maada, na mifumo. Tuzipange katika jedwali, kozi zetu upande mmoja na dhana upande wa pili, tuonyeshe kila dhana inafundishwa wapi na inatahiniwa wapi. Kisanduku kitakachobaki kitupu ndicho mwanzo wa marekebisho.

2. Ushahidi wa maabara na uwandani

Mpe mwanafunzi wa mwaka wa tatu kitunguu maji, wembe, iodini na hadubini. Abandue utando mwembamba, aandae slaidi, aanze na lenzi ya ukuzaji mdogo, kisha achore anachokiona. Mtahini makini atajifunza mengi hapo. Mchoro ukiwa na kloroplasti, umetoka kitabuni, kwa sababu utando wa ndani wa kitunguu hauna kloroplasti. Kosa hilo likijirudia kwa wengi, tuichunguze programu yenyewe: pengine kundi zima lilizunguka hadubini moja, mmoja akafanya na waliobaki wakanakili.

Uwandani ni vivyo hivyo. Mwanafunzi aliyefunzwa ikolojia atautambua mkoko kwa mizizi yake iliyojipinda kama magongo, na mchu kwa mizizi ya kupumulia inayochomoza matopeni. Atapima eneo, atahesabu miche, na ataeleza kwa nini mti huu umestawi hapa na ule pale. Mtihani wa maandishi wa saa tatu haupimi uwezo huo.

3. Wahitimu na waajiri

Wahitimu wetu wako kwenye shule za sekondari, taasisi za utafiti na hifadhi za wanyamapori. Tuwaulize ni stadi gani walilazimika kujifunzia kazini. Majibu yao yaingie kwenye taarifa ya tathmini sambamba na maoni ya waajiri.

Mapendekezo

(a) Kila mwanafunzi afanye mtihani wa vitendo peke yake kabla ya kuhitimu.

(b) Mtahini wa nje akague madaftari ya maabara na ripoti za miradi, pamoja na karatasi za mitihani.

(c) Kila taarifa ya tathmini iambatane na mpango wa utekelezaji wenye bajeti, muda na mhusika.

Naziomba idara zilizowakilishwa hapa zianze na pendekezo la kwanza katika muhula ujao. Vifaa vyake vingi tunavyo tayari. Kinachohitajika ni ratiba na uamuzi wetu.