Mtoto Anapomwinulia Mkono Mzazi: Sheria Yasemaje?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa halmashauri)



Nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo katika nchi yetu husemwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi halisemwi kabisa. Nalo ni mzazi kupigwa, kutishwa, kutukanwa au kunyang'anywa mali na mtoto wake mwenyewe ambaye hajatimiza miaka 18.

Sababu ya ukimya huo twaijua. Mwizi akivunja mlango, mwenye nyumba hupiga yowe na majirani huja. Lakini mama akipigwa na mwanawe, huufunga mlango mwenyewe ili majirani wasisikie. Huona kwamba kushitaki ni kujishitaki, kwa maana kila atakayemsikia atamkumbusha kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tuchukue mfano. Mama mjane anauza maandazi. Mwanawe ana miaka 15, na kwa miezi kadhaa amekuwa akichukua mtaji wa mama yake kwa nguvu. Siku mama anapokataa, anasukumwa ukutani na kuumia. Asubuhi anakwenda kwa balozi wa nyumba kumi, anaambiwa ampeleke kijana shuleni akachapwe. Shuleni anaambiwa kosa limetendeka nyumbani. Kituoni anaambiwa hayo ni mambo ya familia, wakayamalize wenyewe. Juma la pili kijana anarudia, na safari hii majirani wanampiga hata kukaribia kumwua. Hapo ndipo kila mmoja wetu anapouliza kwa nini hakupewa taarifa mapema. Ukweli ni kwamba taarifa zilitolewa katika ofisi tatu, na hapana hata moja iliyozipokea.

Ndugu Mwenyekiti, wapo wanaodai kwamba milango hiyo mitatu imefungwa na sheria yenyewe. Husema kuwa tangu zilipokuja "haki za watoto", mzazi hana tena pa kushika. Naomba tuitazame sheria kama ilivyoandikwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimpi mtoto haki peke yake. Inamwekea pia wajibu: kufanya bidii kwa ajili ya umoja wa familia, kuwaheshimu wazazi, walezi na wakubwa wake wakati wote, na kuwasaidia wanapohitaji. Maneno ya namna hiyo yamo pia katika Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao nchi yetu imeuridhia. Kwa hiyo asemaye kuwa sheria ya watoto imemtupa mzazi, ama hajaisoma au ameisoma nusu.

Ni kweli kwamba wajibu huo haukuwekewa adhabu yake wenyewe. Lakini shambulio ni shambulio. Kanuni ya Adhabu inapozungumzia shambulio la kawaida katika kifungu cha 240, na shambulio la kudhuru mwili katika kifungu cha 241, haisemi kuwa mwili wa mama hauhesabiwi. Askari anayemrudisha mama nyumbani kwa kuwa aliyempiga ni mwanawe hana kifungu cha sheria anachokitegemea.

Tofauti imo katika umri wa mtenda kosa. Mtoto aliye chini ya miaka 10 hawezi kushitakiwa kwa jinai hata kidogo. Aliye chini ya miaka 12 hawezi kutiwa hatiani ila ithibitishwe kwamba, alipotenda, alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kulitenda tendo hilo. Zaidi ya umri huo, mpaka atimize 18, aweza kushitakiwa, lakini mbele ya Mahakama ya Watoto. Mahakama hiyo huongozwa na Hakimu Mkazi, husikiliza mashauri faraghani, na Afisa Ustawi wa Jamii huwapo. Mzazi ana haki ya kuhudhuria. Na sheria imesema bila kuzunguka kwamba mtoto hatahukumiwa kifungo gerezani. Hakimu aweza kumwachilia kwa masharti, au kumweka chini ya mtu anayefaa au taasisi, au kumpeleka katika shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya.

Aidha, si lazima kila jambo lifikie mashtaka. Sheria hiyo hiyo inatoa njia ya amri ya uangalizi, ambayo mtoto hubaki kwao huku Afisa Ustawi akimfuatilia, na amri ya matunzo, ambayo humwondoa nyumbani kwa muda. Hizi ndizo njia zinazotupasa kuzijua na kuzitumia, lakini ndizo zinazosahauliwa kuliko zote.

Yapo makosa mawili ambayo jamii hutumbukia. La kwanza ni kuifanya sheria kuwa rungu. Koloni la Massachusetts, katika Marekani ya leo, lilipitisha sheria mwaka 1646 ikisema kuwa mwana mkaidi aliyefikia miaka 16 aweza kuuawa akishitakiwa na wazazi wake. Haijulikani kuwa yupo aliyenyongwa kwayo. Ilibadilishwa mara nyingi, na ilifutwa mwaka 1973 tu. Fundisho lake ni wazi: adhabu inapokuwa kubwa kuliko mapenzi ya mzazi, mzazi hashitaki, na sheria hubaki pambo.

Kosa la pili ni kuliacha jambo mikononi mwa familia, kana kwamba mlango wa nyumba ni mpaka wa nchi. Hispania ilijaribu njia ya kati. Sheria yake namba 5 ya mwaka 2000 kuhusu watoto wa miaka 14 hadi 17 inamwezesha hakimu kumwamuru mtoto aishi kwa muda na mtu mwingine, familia nyingine au kikundi cha malezi. Hatua hiyo imetumika sana kwa watoto waliowapiga wazazi wao: mama anapata usalama, mtoto hapelekwi kwenye kifungo, na wote wawili hufundishwa kabla ya kurudiana. Sisi hatuhitaji kuiga kila la wageni. Babu zetu nao walijua kumpeleka kijana kwa mjomba au kwa shangazi mpaka moto upoe. Lililobaki ni hekima hiyo kupewa nguvu ya amri ya mahakama na macho ya Afisa Ustawi.

Ndugu Mwenyekiti, nisije nikaeleweka kuwa sheria yetu haina upungufu. Unao. Imeandikwa kwa mawazo kwamba mzazi ndiye mlinzi na mtoto ndiye mlindwa. Panapotokea kinyume chake, mama hujikuta mahakamani ni mlalamikaji na papo hapo ni mlezi wa mshitakiwa. Anatakiwa aseme dhidi ya mwanawe asubuhi, na jioni amtafutie chakula. Jambo hili linahitaji utaratibu ulioandikwa, unaoeleza ni nani atakayesimama na mtoto ikiwa mzazi ndiye aliyeumizwa, na mtoto atalala wapi usiku wa kwanza. Bila ya hapo mama atafuta kesi yake, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, walimu. Mwalimu ndiye mtumishi wa serikali anayemwona mtoto kila siku. Msikubali kugeuzwa kuwa wachapaji wa makosa ya nyumbani. Kanuni za mwaka 2002 zimeweka mpaka: viboko havizidi 4, na hutolewa na mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Na kijana aliyejifunza kuwa mwenye nguvu ndiye mwenye haki, hataacha somo hilo kwa kuchapwa. Mwalimu na apokee habari, aziandike, na azifikishe kwa Afisa Ustawi.

Pili, watendaji wa kata na vijiji pamoja na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Neno "mkayamalize nyumbani" liondoke vinywani mwetu. Mpokeeni mzazi kama mnavyompokea mlalamikaji mwingine yeyote. Kijana naye alindwe dhidi ya hasira za majirani, na akizuiliwa asichanganywe na watu wazima.

Tatu, Maafisa Ustawi. Taarifa yenu kwa mahakama ndiyo macho ya hakimu. Chunguzeni kwa haki pande zote. Wako watoto wapigao kwa sababu wamelelewa wakimwona baba akimpiga mama. Wako walioathirika kwa bangi au kwa maradhi ya akili, ambao dawa yao i hospitalini. Na wako walioinua mkono kujikinga na mzazi katili. Huyo wa mwisho ndiye wa kulindwa, wala si wa kushitakiwa.

Nne, sisi wazazi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii haituagizi kupiga. Yatuagiza kukataa mapema, kuelekeza mapema, na kuomba msaada mapema, tusi la kwanza linapotoka na kabla ya kofi la kwanza. Kuomba msaada si kumtoa mtoto kafara.

Ndugu Mwenyekiti, tunajenga taifa kwa nguzo ya familia, na familia ambayo ndani yake mama humwogopa mwanawe haiwezi kuwa nguzo ya kitu chochote. Yule kijana wa miaka 15 amebakiwa na miaka 3 kabla ya kuwa mtu mzima mbele ya sheria. Katika miaka hiyo 3 hakimu, mwalimu na Afisa Ustawi bado wanaweza kumrudisha. Baada ya hapo, kwa tendo lile lile, mlango unaomngoja ni wa gereza. Tukimrudisha mama yake nyumbani bila msaada leo, tunaipoteza sehemu ya muda huo, nao haurudi.