GHARAMA YA KUNI ISIYOANDIKWA KWENYE KADI YA MGAO

(Hotuba ya Kamati ya Mazingira ya wakazi wa kambi, mkoa wa Kigoma, kwa Siku ya Mazingira Duniani)



Tumepewa dakika chache, kwa hiyo hatutarudia habari za kupanda miti, ambazo watoto wa shule wameziimba vizuri kuliko sisi. Tunataka kusema juu ya kuni, na hasa juu ya bei yake.

Wataalamu wa uchumi na wa mazingira wanabishana sana juu ya jambo moja: nani alipe hasara isiyoonekana kwenye stakabadhi. Kiwanda kikimwaga uchafu mtoni, faida ni ya mwenye kiwanda na ugonjwa ni wa wanaochota maji kule chini. Sisi mfano wetu tunao ndani ya sufuria. Chakula cha mkimbizi hupangwa kwa kipimo cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Bei ya mahindi imeandikwa, usafiri umeandikwa, hata magunia yamehesabiwa. Lakini maharage makavu hayaliwi makavu. Yanataka saa mbili au zaidi motoni, na moto huo haumo kwenye hesabu. Unalipwa na msitu, unalipwa na mama anayetembea nusu siku na hofu moyoni, unalipwa na kijiji cha jirani. Na asiyeweza kutembea, kama mzee au mama aliyejifungua juzi, anauza kikombe cha maharage ili apate kuni za kupikia yale yaliyobaki. Hapo kilokalori 2,100 zimekwenda wapi?

Tumekaa tukapiga hesabu, na mtuvumilie. Tuchukue kambi ya watu 100,000, kila mtu atumie kilo moja tu ya kuni kwa siku. Hizo ni tani 100 kila siku, na kwa mwaka ni tani 36,500. Sasa tuchukue mpaka wa kilometa 4 ambao wakimbizi wa Tanzania wameujua kwa miaka mingi. Duara la kilometa 4 ni kama kilometa za mraba 50, yaani hekta 5,000, na kambi yenyewe imo humo. Tuseme kwa ukarimu kwamba kila hekta inaotesha tani 2 za kuni kwa mwaka. Tunapata tani 10,000. Zilizobaki zaidi ya 26,000 zitatoka wapi, kama si kwa kukata mti mbichi au kuvuka mpaka? Semina haiwezi kuijaza nafasi hiyo.

Tunasema hivyo kwa sababu mafundisho tumepata mengi. Loweka maharage usiku, funika sufuria, pasua kuni ndogo, tumia jiko sanifu la udongo. Yote ni kweli na yanasaidia, nasi tunayafanya. Ila wakati mwingine yanafundishwa kana kwamba msitu umemalizwa na mafiga ya akina mama.

Historia ya eneo hili imeonyesha vingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kabla majembe hayajafika. Upande wa Goma, kambi ziliwekwa kando ya Hifadhi ya Virunga, na hadi 1996 msitu uliokatwa au kuharibiwa ulizidi kilometa za mraba 100. Waliochagua mahali pa kambi na aina ya chakula hawakuwa wale waliobeba mapanga.

Mwaka 1968 Mmarekani Garrett Hardin aliandika kwamba malisho ya wote lazima yaishe, maana kila mchungaji huongeza ng'ombe wake. Wengi wanatutazama sisi kwa macho hayo. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alimjibu kwa ushahidi wa malisho ya Uswisi na misitu ya vijiji vya Japani: mali ya wote hudumu pale watumiaji wanaposhiriki kutunga kanuni, na mlinzi anapowajibika kwao. Tanzania nayo ina Duru-Haitemba kule Babati, ambako miaka ya 1990 vijiji vilikabidhiwa msitu na ukapona. Sasa linganisheni na sisi. Kanuni zinatungwa tusipokuwapo, mlinzi hatumjui, na muda wa kukaa kwetu haujulikani. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwapo, mumwambie nini juu ya mti wa miaka kumi?

Jirani zetu, tunajua maumivu yenu hayalingani. Wachumi Maystadt na Verwimp walichunguza Kagera baada ya wimbi la wakimbizi la miaka ya 1990, wakaona kwamba wakulima wenye mashamba yao walifaidika, bali vibarua waliumia kwa ushindani wa kazi na kupanda kwa bei. Kibarua huyo ndiye pia asiye na miti yake mwenyewe. Tukigombania kuni, tunagombana maskini kwa maskini.

Tunaomba mambo machache. Chakula kinapopangwa, nishati ya kukipika ihesabiwe kwenye bajeti hiyo hiyo. Unga badala ya mahindi mazima tayari ni kuni zilizookolewa. Huko Cox's Bazar, Bangladesh, kuanzia 2018 wakimbizi wa Rohingya walianza kugawiwa gesi ya kupikia, na haja ya kuni ikapungua sana. Wanaosema gesi ni ghali waweke kando yake gharama ya kuotesha upya msitu. Tena Tanzania ilitangaza mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuzifikia asilimia 80 ya kaya ifikapo 2034. Tunaomba kujua kama sufuria za kambini zimo katika hesabu hiyo.

Tena iundwe kamati moja ya msitu, wajumbe nusu kutoka vijijini na nusu kutoka kambini, akina mama wasipungue nusu, maana ndio wanaokwenda porini. Majina ya upande wetu tumekwisha kuyaandika na tutayakabidhi leo kwa Mwenyekiti. Tunangoja ya upande wa vijiji.