Marupurupu ya Safari na Kodi: Msafiri Huwa Mkazi Lini?

Mwenyekiti, wahasibu na maafisa wa rasilimali watu,

Fasili mnazijua, nazipitia mbio. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kodi ya Mapato (Sura ya 470) huhesabu marupurupu ya kujikimu na ya usafiri kuwa mapato ya ajira, ila yale yanayomrudishia mfanyakazi tu alichotumia kwa ajili ya kazi. Akiwa kikazi nje ya mahali pake pa kawaida pa kazi, kiasi fulani kwa siku huchukuliwa kuwa marejesho, hakitozwi. Kilikuwa shilingi 2,000. Sheria ya Fedha ya 2025 ilikipandisha hadi 10,000 kuanzia Julai 1, 2025. Tunashukuru, ingawa tulishukuru kwa kuchelewa.

Hilo ndilo nililoombwa kueleza. Ninalopigania miaka yote ni hapo penye “mahali pa kawaida pa kazi”.

Tuseme mhandisi wa Nairobi, mshahara 100,000, amepelekwa Lodwar kusimamia visima kwa miezi minane, kwa posho ya 9,000 kwa siku, yaani 270,000 kwa siku 30. Mwezi wa kwanza hapana ubishi. Kufikia wa sita amepanga nyumba na muuza duka anamkopesha. Kawaida yake ni wapi sasa? Kifungu hakitaji idadi ya siku. Mkaguzi akiamua ni Lodwar, 270,000 zote huingia kwenye PAYE; kwa asilimia 30, kodi ni 81,000 kwa mwezi. Zamani swali hili lilihusu 2,000 tu kwa siku, kodi ya 18,000 kwa mwezi. Tumepandisha kiwango, na ubishi ukapanda nacho. Anayedaiwa ni mwajiri, pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi, pengine mhandisi mwenyewe ameshahamia kampuni nyingine.

Australia mamlaka ya kodi ilitoa mwongozo mwaka 2021: asiyezidi siku 21 mfululizo, wala kufikisha 90 mahali pamoja katika mwaka wa kodi, kwa jumla huhesabiwa msafiri. Tarakimu hizo si lazima tuziige. Ila wana mstari, sisi hatuna.

Napendekeza, kwa niaba yangu wala si ya ofisi iliyonituma, Mamlaka ya Ushuru itoe mwongozo wenye idadi ya siku. Hazina ya Taifa iuingize katika sheria, maana mwongozo pekee haumfungi hakimu. Kiwango kipitiwe mara kwa mara, tusingoje tena kipitwe na bei za vyumba. Waajiri waandike barua ya safari yenye tarehe ya kuanza na ya kurudi, na wakiirefusha waandike sababu. Anayedai zaidi ya 10,000 alete risiti. Gharama za kampuni zinazohitaji ankara ya eTIMS ziwe nayo, la sivyo hazitakubaliwa kupunguza faida inayotozwa kodi. Mfanyakazi atunze mkataba wa nyumba yake ya Nairobi. Na, nirudie, idadi ya siku itajwe.