Chanjo za Watoto Hazingoji Mfadhili



Katikati ya mwaka 2025, akina mama katika sehemu kadhaa za Kenya walifika kliniki na watoto wachanga mgongoni, wakaambiwa warudi nyumbani. Chanjo ya kifua kikuu hakuna. Chanjo ya polio hakuna. Habari hizo zilipoenea, wengi walinyosha kidole ng'ambo. Si mwaka huo huo Marekani ilikuwa imekata misaada? Si mwezi wa Juni ilitangaza kwamba haitaichangia tena Gavi, lile shirika lililoanzishwa mwaka 2000 kuzisaidia nchi maskini kupata chanjo?

Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, tusimsingizie jirani. Chanjo hizo mbili ni miongoni mwa zile ambazo Kenya hujinunulia yenyewe, kwa fedha za mlipa kodi. Kilichochelewa ni fedha zetu wenyewe.

Sisemi kwamba misaada haina faida. Mwaka 1988, dunia ilipoamua kuitokomeza polio, ugonjwa huo ulikuwa ukiwapooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka, katika nchi zaidi ya 100. Serikali, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wanachama wa Rotary walishikana mikono, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa imeepukana na virusi asilia vya polio. Matone mawili tu mdomoni mwa mtoto, lakini nyuma yake kuna ndege, majokofu, barafu na watu wa kutembea nyumba kwa nyumba.

Wala atoaye msaada hatoi sadaka tupu, kwani naye anajikinga. Mwaka 2013 virusi vilivyotokea Afrika Magharibi viliingia Somalia, vikavuka mpaka, na hapa Kenya wakapatikana wagonjwa 14. Mwaka 2022 Malawi ilitangaza kuwa mtoto mmoja wa Lilongwe amepooza, na virusi vyake vilikuwa vya ukoo wa Pakistan. Maradhi ya aina hii hayaulizwi pasipoti.

Lakini mfadhili naye ana bunge lake, ana uchaguzi wake na ana shida zake. Akibadili nia, hatutampeleka mahakamani. Isitoshe, kanuni za Gavi zinasema wazi kuwa kadiri pato la nchi linavyopanda, ndivyo nayo inavyoongeza mchango wake, hadi ijilipie yote. Kenya imo katika safari hiyo. Kama tumeshindwa kulipa kwa wakati zile chanjo za bei nafuu, itakuwaje siku tutakapoachiwa na zile za bei ghali?

Mtoto hasubiri fedha zitoke Hazina. Matone ya polio hupewa anapozaliwa, kisha akiwa na majuma 6, 10 na 14. Mama aliyerudishwa leo amepoteza nauli na kibarua cha siku nzima. Huyo akija mara ya pili, mshukuru. Asipokuja, usimlaumu.

Kwa hiyo, Bunge linapopitisha makadirio ya matumizi, fedha za chanjo zitengwe peke yake, zisiguswe kwa safari wala semina, na zitolewe mwezi wa Julai mwaka wa fedha unapoanza. Nawe, msikilizaji, mwulize mbunge wako swali moja: fedha za chanjo zimelipwa? Usikubali jibu la kwamba zimetengwa. Kutenga si kulipa.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika jambo hili, atakayekufa au kupooza si yule aliyetegemea. Ni mtoto wake.