Ng'ombe Akikohoa, Tujue Kwanza Sababu

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika, Mbulu na Hanang)



Katika wilaya zetu ng'ombe ndiye benki ya familia. Ndiye ada ya shule na ndiye fedha ya matibabu. Kwa hiyo ndama wakianza kukohoa, kila mtu hukimbilia dukani kununua dawa. Leo tunaomba tutulie kidogo tujiulize: wanakohoa kwa sababu gani?

Sababu mojawapo ni minyoo ya mapafu. Ni minyoo myeupe, myembamba kama uzi, inayofikia urefu wa sentimita 8, na hukaa katika njia za hewa. Minyoo michanga hupanda na makohozi, humezwa, kisha hutoka na mavi. Penye unyevu na joto la wastani, baada ya wiki moja hivi huwa tayari kuambukiza. Ndama huila pamoja na majani, nayo hupenya utumbo na kufika mapafuni. Baada ya wiki 3 hadi 4 imekomaa, na mzunguko unaanza upya.

Jua kali na ukame huiua minyoo michanga. Ndiyo maana mabonde yenye maji ya nyanda za juu za Mbulu na miteremko ya Mlima Hanang yanahitaji uangalifu kuliko mbuga kavu za chini, hasa wakati wa mvua. Wanaoumia zaidi ni ndama wanaoanza kuchunga. Hukohoa, huhema haraka, hunyoosha shingo na kukonda. Ng'ombe wakubwa waliokwisha kujenga kinga huonekana wazima, kumbe wanaweza kuendelea kuchafua malisho.

Hatari iko hapa. Homa ya mapafu ya ng'ombe nayo huleta kikohozi, kuhema na kukonda. Tanzania iliutokomeza ugonjwa huo mwaka 1964, ukaingia tena mwaka 1990. Huo huletwa na vimelea vya bakteria na huenea kwa pumzi, ng'ombe kwa ng'ombe. Dawa ya minyoo haiugusi. Mfugaji anayenywesha dawa na kungoja, au anayewahi kumpeleka mgonjwa mnadani Katesh, anaweza kuusambaza kwenye makundi ya watu wengine. Ugonjwa huu lazima uripotiwe, na mifugo isihamishwe.

Tutatofautishaje? Mavi mabichi hufungwa katika kitambaa chepesi na kuning'inizwa ndani ya maji usiku kucha. Minyoo michanga hushuka chini, na mtaalamu huiona kwa hadubini. Kwenye machinjio, mkaguzi wa nyama akipasua njia za hewa huikuta minyoo yenyewe pamoja na povu. Homa ya mapafu huacha pafu gumu lenye mabaka kama marumaru, na maji ya manjano kifuani.

Ikithibitika ni minyoo, albendazo, levamiso na aivamektini huiua. Dawa ya minyoo ya ini peke yake haitoshi. Kipimo kifuate uzito wa mnyama, na siku za kungoja kabla ya kuchinja au kunywa maziwa ziheshimiwe. Aliyezidiwa sana atibiwe na mtaalamu, wala asiswagwe mbali. Ndama watengewe malisho makavu, wasitanguliwe na ng'ombe wakubwa.

Kwa hiyo tunaziomba kamati: kabla ya kuandika ombi la dawa, mwiteni ofisa mifugo wa kata apime. Nanyi wafadhili, hadubini moja na nauli ya mtaalamu vinaweza kuokoa ng'ombe wengi kuliko maboksi ya dawa yaliyonunuliwa kwa kubahatisha. Mzee anayetoa ndama wake ili mjukuu aende shule anastahili jibu la kweli kuhusu kikohozi hicho.