Mwanafunzi Aachwe Aseme

Ndugu Walimu wa Butimba,

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ng'ambo ya maji haya, alitoa riwaya ya Rosa Mistika. Ilipigwa marufuku shuleni. Baadaye ikaruhusiwa na kufundishwa. Je, tumeiruhusu kweli? Mara nyingi mwalimu huandika ubaoni dhamira, ujumbe na falsafa, mwanafunzi akanakili kwa ajili ya mtihani. Haulizwi kama ukali wa Zakaria ulimlinda bintiye au ulimponza. Darasani wamo wasichana wanaolijua jibu kwa maisha yao, nao wamenyamaza. Hiyo nayo ni marufuku, tena tunaiweka wenyewe. Ndugu zangu, hatuna budi kuuliza, kisha tusikilize.