Chuo cha Kurani na Shule ya Serikali Katika Lafey



Zinapotajwa shule za kujitegemea katika Kenya, watu wengi hukumbuka zile zilizoanzishwa na Wakikuyu baada ya ugomvi wao na Misheni mwaka 1929, pamoja na chuo cha walimu cha Githunguri kilichofunguliwa mwaka 1939. Shule hizo zilifungwa na Serikali ya kikoloni baada ya kutangazwa hali ya hatari mwaka 1952. Lakini iko shule nyingine ya kujitegemea, kongwe kuliko hizo kwa karne nyingi, ambayo hakuna aliyeweza kuifunga maana mara nyingi haina hata mlango. Nayo ni chuo cha Kurani cha Wasomali, ambacho wenyewe hukiita dugsi, neno ambalo asili yake ni mahali pa kujikinga na upepo na jua.

Lafey iko katika kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Somalia. Ni nchi kavu isiyo na mto, na watu wake wengi ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Kwa sheria ya mwaka 1902, na nyingine ya mwaka 1934, eneo lote la kaskazini lilihesabiwa kuwa wilaya zilizofungwa, na mtu wa nje hakuweza kuingia bila ruhusa. Kwa hiyo zile shule za Misheni zilizoenea bara na pwani hazikuenea huko, na Serikali yenyewe ilichelewa mno kujenga zake. Muda wote huo elimu ya mtoto wa Lafey ilikuwa mikononi mwa maalim. Basi si ajabu kwamba mzazi wa huko humwamini maalim kwanza, na mwalimu wa Serikali baadaye.

Chuo chenyewe hakina mengi. Kuna mti au kibanda, na ubao wa mkononi kwa kila mtoto, na wino wa makaa yaliyosagwa. Somo likishahifadhiwa, ubao huoshwa na somo jingine huandikwa. Irabu za Kiarabu hufundishwa kwa namna ya Kisomali inayonasibishwa na Sheikh Yusuf al-Kawneyn, ambaye huaminika kuishi yapata miaka 800 iliyopita. Kabila la wafugaji likihama kufuata malisho, maalim huhama nalo. Shule ya mawe haiwezi kufanya hivyo, na hapo ndipo penye siri ya jambo lote.

Maana mtoto anayefika darasa la kwanza akitoka chuoni si mgeni wa masomo. Amekwisha kuzoea kuketi, kusikiliza, kushika kwa moyo na kujua kwamba alama iliyoandikwa ina sauti yake. Kwa wasichana faida ni kubwa zaidi. Baba anayesitasita kumpeleka binti yake katika shule ambayo walimu wake hawajui, hasiti kumpeleka kwa maalim. Na maalim akisema kwamba shule ya Serikali haina ubaya, aghalabu neno lake hushinda barua kumi za ofisi. Hakuna hesabu yoyote ya Serikali inayoonyesha msaada huu.

Uzito wake ulionekana siku za msiba. Mnamo tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilishambuliwa, na watu 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Mwezi wa Aprili 2015 wakauawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Walimu waliotoka sehemu nyingine za Kenya wakaogopa kurudi, wala hapana awezaye kuwalaumu. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo basi jingine likavamiwa likielekea Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu, Salah Farah, aliyepigwa risasi akafariki mwezi wa Januari 2016. Tena mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Garissa, na baadaye Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Madarasa yakabaki na walimu wachache mno, na vijana waliomaliza sekondari juzi wakasimama mbele ya ubao. Maalim alibaki, kwa kuwa hapo ndipo kwao.

Haifai kuficha kasoro za chuo. Baadhi ya maalim hutumia fimbo kupita kiasi, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumwumiza. Mara nyingi hapana daftari la mahudhurio. Tena wako wazee wanaotosheka na chuo peke yake, wakaona kwamba hesabu na Kiingereza ni mambo ya watu wa mjini. Mtoto wao akikua hulipa gharama ya uamuzi huo.

Lakini kasoro kubwa ni riziki ya maalim mwenyewe. Yeye hulipwa na wazazi, kwa fedha kidogo au kwa mnyama. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa mwaka 2023, mifugo ilikufa kwa wingi kaskazini, na mzazi aliyepoteza mbuzi wake hakuwa na cha kumpa maalim. Mwalimu wa Serikali mshahara wake hautegemei mawingu. Wawili hao humfundisha mtoto yule yule, kwa siku ile ile.

Serikali imekwisha kupiga hatua. Sheria hiyo ya mwaka 2013 iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Wahamaji, na sera iliyotangulia, ya mwaka 2009, ilikubali kwamba chuo na shule vinaweza kuunganishwa. Malezi ya watoto wadogo kabla ya darasa la kwanza ni kazi ya kaunti. Hapo pana nafasi iliyo wazi: maalim anayewafundisha watoto wa umri huo apewe mafunzo mafupi ya kazi, aandikwe, alipwe posho kama mlezi mwingine yeyote wa kaunti, naye kwa upande wake akubali kuweka daftari na kuacha fimbo. Wako watakaosema kwamba posho itamfanya mtumishi wa Serikali. Hofu hiyo si ya bure, na dawa yake ni kuwaachia wazazi haki ya kumchagua.

Jambo la pili halihitaji bajeti. Alasiri, shule ya Serikali ikishafungwa, madarasa hukaa matupu hali watoto wa chuo wako juani. Mwalimu mkuu akimwachia maalim ufunguo wa chumba kimoja, watoto watapata paa, na wale watakaoingia darasa la kwanza mwakani watakuwa wamekwisha kuuzoea mlango ule.